Moto wa Maskini Usiwe Ghali Kuliko wa Tajiri

Mama anunuaye mkaa kwa kopo katika soko la Karatu hulipa, kwa kila kilo, bei kubwa kuliko mwenye hoteli anunuaye magunia kumi kwa mara moja. Anunuaye mafuta ya taa kwa chupa ya soda hulipa zaidi ya mwenye dumu. Mwenye mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 hulipa, kilo kwa kilo, zaidi ya mwenye mtungi wa kilo 38. Hii si hila ya mchuuzi mmoja, wala hatumlaumu mchuuzi, kwa kuwa naye ana watoto. Ndiyo desturi ya biashara: anayenunua kidogo hulipia pia kazi ya kupimiwa, kufungiwa na kungojewa. Walakini desturi hiyo ina matokeo ambayo hatuna budi kuyatazama bila kupepesa macho, nayo ni kwamba moto wa maskini ni ghali kuliko moto wa tajiri. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na kopo kwa kopo humaliza mshahara wa kibarua.

Wenzetu wa Uingereza, ambao baridi yao yajulikana, walikwisha kulitungia jambo hili jina na kipimo. Mwaka 1991 msomi mmoja, Brenda Boardman, alitoa kitabu ambamo alihesabu kuwa imo katika umaskini wa nishati kila nyumba inayolazimika kutoa zaidi ya sehemu moja katika kumi ya mapato yake ili ipate joto na mwanga wa kutosha. Ni kipimo kizuri kwa nchi ambayo kila moto hununuliwa. Kwetu hakitoshi. Nyumba nyingi za Karatu na Ngorongoro haziununui moto wao kwa fedha, bali huulipia kwa miguu ya mama na binti, kwa saa zinazopotea porini, kwa macho mekundu na kifua kinachokohoa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani. Serikali yetu yenyewe imetaja mara nyingi hesabu ya watu 33,000 wanaokufa kila mwaka nchini kwa sababu hiyo. Lau ugonjwa mwingine ungeua watu 33,000 kwa mwaka, kila kijiji kingekuwa na bango lake.

Anayedhani kwamba nchi ya joto haina haja ya moto ila kwa kupikia, na apande Ngorongoro mwezi wa Julai. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Ukungu hushuka alasiri na hauondoki mpaka jua la kesho yake limepata nguvu. Ndani ya nyumba ya Kimaasai, iliyokandikwa kwa udongo na samadi, moto ni taa, ni jiko, ni blanketi. Moshi hauna bomba la kutokea. Mama anayekaa na mtoto wake kando ya moto huo hana njia ya kuchagua kati ya kuota moto na kupumua hewa safi, kwa maana akiukosa mmoja usiku hauendi.

Kuni zenyewe hazipatikani ovyo. Katika eneo la Hifadhi, lililotengwa na Serengeti mwaka 1959, hakuna ruhusa ya kukata mti mbichi, na sababu yake ni kubwa. Msitu wa Nyanda za Juu Kaskazini, unaoshuka kutoka mabega ya kreta mpaka mipaka ya mashamba ya Karatu, ndio unaoyakamata mawingu na kuyageuza maji. Kahawa ya Oldeani inakunywa humo. Chemchemi za Qang'dend zinazomwagilia vitunguu vya Mang'ola, kule bondeni karibu na Ziwa Eyasi, hupata maji yake chini kwa chini kutoka nyanda hizo hizo. Mti mmoja ukianguka juu, mkulima wa chini hataona dalili yoyote mwaka huu wala mwaka ujao. Miti ikianguka kwa miaka thelathini, ataona. Kwa hiyo moto wa jikoni na maji ya shambani ni hesabu moja, ijapokuwa huandikwa katika madaftari mawili na kusimamiwa na ofisi mbili ambazo si kila siku husemezana.

Mtu atauliza: je, umeme haukuja? Umekuja, na haifai kulikana jambo jema. Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 iliunda Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007, na kila anunuaye umeme nchini huchangia kazi hiyo asilimia 3 katika malipo yake. Kuunganishiwa umeme kijijini ni Sh27,000, bei ambayo mkulima wa ngwara au mbaazi aweza kuipata katika msimu mzuri. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, lilianza kutoa umeme Februari 2024. Hata hivyo pita vijijini jioni: taa inawaka sebuleni, redio inaimba, simu inachajiwa, na uani mafiga matatu yanafuka moshi kama yalivyofuka wakati wa babu zetu. Nguzo imefika mlangoni, jiko limebaki lilipokuwa.

Tufanye hesabu kidogo, maana hesabu haina upendeleo. Nusu kilo ya maharage ikipikwa katika sufuria ya umeme ya presha haifikishi nusu uniti. Kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016, mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa Sh100 kwa uniti. Basi chungu cha maharage ni Sh50, na hata makande yaliyo magumu kuiva hayatazidi hapo sana. Sh50 haimpatii mtu mkaa wa kuivisha chungu hicho, labda wa kuwashia tu. Tena uniti 75 kwa mwezi ni uniti mbili na nusu kwa siku. Nyumba ipikayo vyungu viwili vigumu kila siku itakuwa imetumia uniti moja, na kusaliwa na moja na nusu kwa taa, redio na simu. Yaani maskini angeweza kupika kwa umeme na asitoke katika bei ya maskini.

Kwa nini basi hapiki? Sababu ya kwanza yajulikana: sufuria hiyo huuzwa kwa bei ambayo kibarua hawezi kuitoa kwa mkupuo, na nyaya za nyumba nyingi zilifungwa kwa ajili ya taa mbili tu. Sababu ya pili haisemwi sana, nasi twataka kuisema. Bei ya Sh100 hupewa mita, haipewi mtu. Katika mji wa Karatu, nyumba ya vyumba vinne vya kupangisha ina LUKU moja. Familia nne zikichangia mita moja hupita uniti 75 kabla mwezi haujafika nusu, nazo huhamishiwa bei kubwa, zaidi ya mara tatu ya ile ya kwanza. Mwenye nyumba yake, anayeishi na mkewe na mita yao, hubaki katika bei ndogo. Mpangaji wa chumba kimoja, ambaye ndiye aliyekusudiwa na huruma ya sheria, hulipa bei ya wenye nafasi. Hakuna aliyekusudia dhuluma hii, lakini kila mwezi inalipwa.

Gesi nayo ina kisa chake. REA imekuwa ikipeleka mitungi ya kilo 6 wilayani kwa nusu bei, na watu wakapanga foleni. Mtungi wa kwanza ukaisha. Wa pili ni bei kamili, nayo yatakiwa yote kwa siku moja. Yule aliyezoea kununua moto wa siku kwa fedha ya siku hana akiba ya namna hiyo, akarudi kwenye kopo la mkaa, na mtungi ukageuka kigoda. Mtu asiseme kwamba mama huyo hataki maendeleo. Hakuuziwa moto kwa kipimo anachoweza kukilipia, basi.

Ndipo swali letu linapokuja. Nani asimame kati ya muuzaji wa jumla na mnunuzi wa kopo, anunue kwa gunia na kuuza kwa kopo, bila kujitilia faida mfukoni? Sisi twaona kwamba kazi hiyo yafaa iwe ya Halmashauri ya Wilaya. Lakini kabla mtu hajapiga makofi, yafaa tutazame yaliyowapata waliotangulia.

Miji ya Uingereza ina historia ndefu katika mambo haya. Mji wa Birmingham ulinunua makampuni ya gesi mwaka 1875, na faida yake ikasaidia shughuli za mji. Miji mingi ilikuwa na mitambo yake ya umeme mpaka yote ilipotaifishwa mwaka 1948. Baadaye umeme na gesi viliuzwa kwa makampuni ya watu binafsi, na wenye nyumba maskini, hasa wale walipao kabla kwa mita kama LUKU yetu, wakajikuta wakitozwa zaidi ya wale walipao mwisho wa mwezi. Mwaka 2015 Baraza la Mji wa Nottingham likaanzisha kampuni yake, mali ya baraza peke yake, isiyo na wanahisa wala bahashishi za wakurugenzi. Likaiita Robin Hood Energy, kwa jina la yule jambazi wa hadithi za Kiingereza aliyewanyang'anya matajiri ili awape maskini. Kusudi lake lilikuwa jema kabisa. Mabaraza mengine ya miji yakajiunga kuuza kupitia kwake.

Miaka mitano baadaye kampuni hiyo ilikuwa imekufa. Haikuwa na mtambo hata mmoja wa kuzalisha umeme. Ilinunua katika soko la jumla, ambamo bei hupanda na kushuka kama mawimbi, kisha ikawaahidi wateja bei nafuu. Soko lilipopanda, nafuu ile ikalipwa kutoka hazina ya mji. Mwaka 2019 ilishindwa kulipa kwa wakati deni la pauni milioni 9.4 lililotakiwa na msimamizi wa nishati kwa ajili ya umeme jadidifu, na baraza likakopesha tena. Agosti 2020 wakaguzi wa hesabu walitoa taarifa nzito juu ya baraza lililokuwa mmiliki, mkopeshaji na msimamizi kwa wakati mmoja, na likashindwa kuona hatari iliyokuwa mbele yake. Septemba mwaka huo huo wateja wakahamishiwa British Gas, wafanyakazi wakapoteza kazi, na hasara ya wananchi wa Nottingham ikahesabiwa kuwa karibu pauni milioni 38. Wazee waliosema mali bila daftari hupotea bila habari hawakupata kufika Nottingham.

Wapo watakaochukua kisa hicho na kusema: mwaona, halmashauri haiwezi biashara. Sisi hatusomi hivyo. Nottingham haikuanguka kwa sababu haikutaka faida. Ilianguka kwa sababu iliuza kitu kwa bei ndogo kuliko ilivyokinunua na ikaendelea kukiita nafuu. Msaada kwa maskini ni jambo moja, na bei ya uongo ni jambo jingine. Msaada huandikwa katika bajeti, madiwani wakaujadili na kila mtu akauona. Bei ya uongo hujificha katika deni mpaka siku deni linapobisha hodi.

Hapa nchini pia somo hilo lipo. Katika kisiwa cha Ukara, Ziwa Viktoria, kampuni binafsi ilijenga mitambo ya jua na kuuza umeme kwa bei iliyokuwa mara nyingi zaidi ya ile ya TANESCO, jambo lililowaumiza wavuvi na wachuuzi. Mwaka 2020 Serikali ikaamuru umeme huo uuzwe kwa Sh100 kwa uniti kama ulivyo nchi kavu. Haki ya wananchi ilikuwa dhahiri, maana Mtanzania wa kisiwani si nusu ya Mtanzania wa bara. Lakini tofauti kati ya gharama na bei haikutoweka kwa kuamriwa. Ilitafuta mtu mwingine wa kuibeba. Kwa upande mwingine, Loliondo, kule makao makuu ya Wilaya ya Ngorongoro, kwa miaka mingi iliwashwa kwa mitambo ya dizeli ya TANESCO. Dizeli hiyo ilisafirishwa mbali, na umeme wake uligharimu zaidi ya bei iliyotozwa. Hata hivyo mtu wa Loliondo alitozwa bei ya taifa, na nchi nzima ikachukua tofauti hiyo mabegani. Huo ulikuwa msaada wenye mwenyewe anayejulikana.

Kuna mfano wa tatu ambao watu wa kusini wanaujua. Katika Wilaya ya Ludewa, kwenye maporomoko ya Mawengi, umejengwa mtambo wa maji wa kilowati 300 kwa msaada wa Waitaliano wa ACRA, na uendeshaji ukawekwa mikononi mwa chama cha watumiaji wenyewe kiitwacho LUMAMA. Mlipaji ndiye mwanachama. Akilalamika juu ya bei, hulalamika mkutanoni mbele ya daftari, na hawezi kudai bei isiyolipa ukarabati bila kujua kwamba taa itakayozimika ni ya kwake.

Nao watu wa Karatu hawahitaji kwenda Ludewa kujifunza. Walikuwa na KAVIWASU, chombo cha maji kilichokuwa mali ya vijiji vyenyewe, kisichotafuta faida, ambacho kilipeleka maji mahali ambapo mkono wa ofisi ulikuwa haujafika. Hatutaki kufukua hapa mabishano marefu yaliyofuata juu ya bei na juu ya nani mwenye mali. Twataja jambo moja tu ambalo katika mabishano yale lilisahauliwa: maji ya visima virefu hayapandi yenyewe. Huvutwa na pampu, na pampu hula umeme au dizeli usiku na mchana. Kila ndoo ya maji Karatu ina moto ndani yake. Aliyedai maji ya bei ndogo alikuwa akidai, bila kujua, nishati ya bei ndogo, na hakuna aliyekaa kuzigombania zote mbili kwa pamoja.

Basi twasema hivi. Halmashauri ya Karatu, na ile ya Ngorongoro kwa upande wake, zisijaribu kununua umeme wa TANESCO ili kuuza tena. Huko ndiko Nottingham ilikoachia nguo zake. Kazi iliyo wazi ni ile ya katikati. Zianzishe chombo kimoja kisichotafuta faida, chenye akaunti yake mbali na hazina ya halmashauri, kikaguliwe na Mkaguzi Mkuu kama fedha nyingine za umma, na wanunuzi wawe na viti katika bodi yake. Kinunue masufuria ya umeme kwa mamia moja kwa moja kwa waagizaji, kiyakopeshe, na malipo yapokewe kwa juma kama mama alivyozoea kulipia mkaa. Kiuze gesi kwa uzito mdogo, kwa mita, kama ilivyokwisha kufanyika Dar es Salaam, ili mwenye Sh1,000 apate gesi ya Sh1,000. Kiende TANESCO na hoja ya wapangaji, nyumba kwa nyumba, kila familia ipate mita yake.

Mtaji wa kuanzia haupo mbinguni. Sheria yazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya uzembe na vikundi hewa, ikarudishwa 2024. Kikundi cha wanawake kinachokopeshwa masufuria hakiwezi kuwa hewa kwa urahisi, maana sufuria huonekana ikichemka.

Kadhalika, watu wa Karatu ni wafugaji wa zizini. Ng'ombe wawili watatu wanaolishwa nyumbani hutoa samadi ya kutosha gesi ya kupikia familia moja, na taasisi ya CAMARTEC ya Arusha imekuwa ikifundisha ujenzi wa mitambo hiyo tangu miaka ya 1980. Mtambo unahitaji saruji na fundi mwaka wa kwanza, na baada ya hapo unahitaji samadi na maji tu. Kwa familia yenye zizi hii ni bora kuliko gesi ya mtungi na kuliko umeme pia, nasi twashangaa kwamba husemwa kidogo sana kuliko mitungi. Labda ni kwa kuwa samadi haina wakala wa kuitangaza.

Shule pia zisisahauliwe. Serikali ilikwisha amuru taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 umeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Amri bila jiko humwacha mwalimu mkuu akificha magogo nyuma ya bweni. Chombo tunachokieleza kingekuwa na shule hizo kama wateja wake wakubwa wa kwanza, walipao kwa uhakika, na uzito wao ungesaidia kushusha bei ya mnunuzi mdogo.

Kuhusu ndugu zetu walio ndani ya Hifadhi, neno letu ni fupi. Tangu mwaka 2022 familia nyingi zimehamia Msomera katika Wilaya ya Handeni, na mjadala juu ya waliobaki umekuwa mkali. Mjadala huo una mahali pake. Lakini waliobaki watapika leo usiku, na watoto wao watavuta moshi wa leo usiku. Huduma ya moto isingoje mpaka wakubwa wamalize kuongea, tena kila chungu kitakachoiva bila kuni ni faida kwa ule msitu ambao Hifadhi iliwekwa ili kuulinda.

Yupo atakayesema kwamba halmashauri isiyoweza kuweka choo cha soko katika hali ya usafi haiwezi kuendesha chombo cha nishati. Shaka hiyo ni ya haki, nasi hatuipuuzi. Ndiyo maana tumetaja akaunti mbali, mkaguzi, na viti vya wanunuzi kabla ya kutaja sufuria. Lakini mwenye shaka naye atuonyeshe ni nani mwingine aliye na mapato ya umma, ofisi katika kila kata, na wajibu wa kujibu kwa wapiga kura. Mfanyabiashara ana haki ya kwenda penye faida. Mhisani huja na mradi wa miaka mitatu. Halmashauri haina pa kwenda.

Madiwani hupitisha makadirio yao katika miezi ya kwanza ya mwaka, wakati mvua za masika zinakaribia na kuni zinaanza kulowa. Twaomba mwaka huu wabunge wa majimbo haya mawili na wenyeviti wa halmashauri wahakikishe kuwa mna mstari mmoja wa matumizi wenye jina la nishati ya kupikia, wenye kiasi cha fedha na ofisa atakayeulizwa. Mwaka wa fedha utaanza 1 Julai, nayo ndiyo siku ambazo baridi ya ukingo wa kreta huwa kali kuliko zote.